Land Cruiser ya Zamani Inapogoma: Dalili, Sababu na Mahali pa Kusimama

Mwongozo huu unahusu zaidi Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70 zenye injini ya 1HZ, yaani HZJ75 na zilizoifuata, HZJ78 na HZJ79. Hizi ndizo gari za 4x4 ambazo mpenzi wa magari ya zamani nchini Uganda anaweza kuzipata, kuzimudu na kuzitafutia spea bila kuagiza kila kitu ng'ambo. Injini ya 1HZ ni dizeli ya silinda 6 yenye ujazo wa lita 4.2, haina turbo, haina kompyuta ya kuiamrisha, na Toyota ilianza kuitoa mwaka 1990. Sheria ya mwaka 2018 ilizuia kuingiza nchini magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi, kwa hiyo gari la aina hii la miaka ya 1990 likiharibiwa leo kwa matengenezo ya kubahatisha, haliwezi kuletwa lingine la umri wake kuziba pengo.

Na kubahatisha ndiko kunakoyaua magari haya kuliko umri wenyewe. Dalili moja huweza kuzaliwa na sababu sita tofauti, nyingine za bure na nyingine za mamilioni ya shilingi, lakini mara nyingi mwenye gari huelekezwa moja kwa moja kwenye ile ya mamilioni. Kwa hiyo kila dalili hapa imeanzishwa na sababu inayotokea mara nyingi zaidi na ukaguzi ulio mwepesi zaidi, ndipo zikafuata zile za ndani. Mwenye Pajero, Hilux au Land Rover ya zamani atakuta mengi yanamhusu pia, ingawa vipimo vya gari lake vitatofautiana.

Kabla ya kuingia chini ya gari, hakikisha limesimama juu ya stendi za chuma, magurudumu yaliyobaki chini yamezibwa kwa vigingi, na ardhi ni ngumu. Jeki peke yake haitoshi hata kwa dakika moja, na udongo wa mfinyanzi uliolowa humeza jeki taratibu bila wewe kutambua.

Injini inachemsha, hasa kwenye milima

Wanaopanda kutoka Mbarara hadi Kabale na kuendelea Kisoro hulalamikia jambo hili kuliko lolote. Gari lililozunguka Kampala mwezi mzima bila tatizo huanza kupandisha geji ya joto katika mlima wa kwanza mrefu. Urefu wa mahali una sehemu yake katika jambo hili. Kabale iko takribani mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na katika urefu huo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Kinachozuia maji ya rejeta yasichemke mapema hivyo ni shinikizo linalohifadhiwa na kizibo. Kizibo chenye springi iliyochoka hujificha tambarare na kujifichua mlimani.

Anza na kiwango cha maji, injini ikiwa imepoa kabisa. Usifungue kizibo cha rejeta injini ikiwa na moto kwa sababu yoyote ile. Maji yaliyobanwa huruka usoni kwa nguvu na kuunguza vibaya. Yakiwa yamepungua, yametoka mahali fulani, na kuongeza tu si matengenezo. Kagua mipira ya maji kwenye ncha zake zinapobanwa na klipu, kagua sehemu ya chini ya pampu ya maji palipo na tundu dogo la kuonyesha uvujaji, kagua mshono wa rejeta ulio juu na wa chini, kisha shika zulia la miguuni upande wa abiria uone kama limelowa, kwa maana rejeta ndogo ya hita nayo huvuja.

Maji yakiwa kamili, tazama rejeta kwa nje, na hapa tulia. Gari lililotoka mbuga za Kidepo au Murchison Falls wakati nyasi zimekauka hurudi na mbegu za nyasi zimejipanga katikati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta, mahali ambapo jicho haliingii. Ukitazama kutoka mbele utaona kondensa safi na kuridhika. Fungua bolti za juu, sogeza rejeta kidogo, mulika kwa tochi, na huenda ukakuta zulia zima la mbegu na vumbi lililogandamana kwa mafuta. Osha kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kuelekea mbele, kinyume cha upepo unavyoingia. Mashine za kuoshea magari hulaza yale mapezi membamba ya rejeta, na yakishalala hewa haipiti tena.

Kisha kizibo. Raba yake isiwe imepasuka wala kuwa ngumu, na namba iliyopigwa juu yake, kwa mfano 0.9, ilingane na ile ya kizibo cha asili cha gari hilo. Kizibo kipya ni spea ya bei ndogo, na ndiyo ya kwanza ninayopendekeza kununua bila kusitasita kwa gari lolote ambalo historia yake haijulikani.

Feni inafuata. Feni ya 1HZ haikufungwa moja kwa moja. Ina klachi yenye mafuta ya silikoni ambayo hushika zaidi joto linapopanda. Injini ikiwa imezimwa na ina moto, zungusha feni kwa mkono: inapaswa kukataa kwa uzito unaohisika. Ikizunguka kwa wepesi mizunguko kadhaa, silikoni imevuja au imechoka. Kagua pia kama mikanda inayoizungusha imelegea.

Themostati, ile vali inayofunguka kwa joto kuruhusu maji yaende kwenye rejeta, ni ya tano, na hapa ninataka kusema wazi, kwa kuwa desturi imeenea katika gereji nyingi ya kuing'oa na kuitupa gari linapochemsha. Injini isiyo na themostati hufanya kazi ikiwa baridi kuliko inavyotakiwa, huchakaa haraka na kunywa dizeli zaidi. Isitoshe, katika injini ambayo themostati hufunga pia njia ya mkato ya maji, kuing'oa huacha sehemu ya maji ikizunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari huchemsha zaidi mlimani. Ipime kwa kuichemsha ndani ya sufuria pamoja na kipimajoto: ifunguke karibu na nyuzi zilizochongwa juu yake. Isipofunguka, weka mpya.

Yote hayo yakiwa sawa, rejeta huenda imeziba ndani kwa kutu na chokaa, jambo la kawaida kwa gari lililonyweshwa maji ya kisima na ya mtoni kwa miaka. Peleka rejeta kwa fundi wa rejeta aifungue na kuisafisha kwa vijiti; dawa za kumwaga humo huondoa uchafu kidogo na kusukuma mwingine kwenye rejeta ya hita. Baada ya hapo tumia mchanganyiko wa kulanti (dawa ya maji ya rejeta) na maji safi yasiyo na chumvi, nusu kwa nusu.

Simama na mwite fundi wa injini ukiona mojawapo ya haya: mapovu yanayotoka bila kukoma kwenye shingo ya rejeta injini inapounguruma ikiwa bado baridi, mipira ya maji inayokuwa migumu muda mfupi tu baada ya kuwasha, oili yenye rangi ya chai ya maziwa, au maji yanayopungua bila tone kuonekana chini. Hizo ni dalili za gasketi ya silinda hedi (sehemu ya juu inayofunika silinda) au hedi yenyewe kupasuka, na hedi ya 1HZ iliyochemshwa sana hupasuka kweli. Usikubali gasketi mpya ifungwe kabla hedi haijapelekwa kwa mafundi wa mashine ikapimwa kwa shinikizo na unyoofu.

Neno moja kwa dereva aliye barabarani. Geji ikipanda lakini maji bado yamo, simama, weka gia huru, acha injini iungurume juu kidogo ya kawaida na uwashe hita ya ndani hadi mwisho, joto litashuka. Mvuke ukitoka au maji yakimwagika, zima mara moja. Na geji iliyokuwa juu ikishuka ghafla huku gari bado liko mlimani, usifurahi. Kipima joto husoma maji. Maji yakiisha, husoma hewa, na sindano hurudi chini wakati hedi inaungua. Subiri ipoe, kisha ongeza maji kidogo kidogo. Maji baridi juu ya chuma chenye moto hupasua hedi iliyokuwa imenusurika.

Haiwaki, au inawaka kwa shida asubuhi

Gawanya kwanza: je, stata, ile mota ya kuwashia, inazungusha injini?

Kama haizungushi, anza na vichwa vya betri. Ondoa ule unga wa kijani na mweupe kwa maji ya moto, kwangua risasi hadi ing'ae, kaza, na ufuate waya wa hasi hadi unapofungwa kwenye injini na bodi. Betri iliyopumzika usiku kucha isome volti 12.6 hivi, ikiwa chini ya 12.4, ichaji kabla ya kuhukumu kitu kingine. Injini ikiwaka, kipimo kiwe kati ya 13.8 na 14.4, la sivyo tazama mkanda na alteneta. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli hutumia volti 24 kwa betri mbili, kwa hiyo hakikisha la kwako ni la aina gani kabla ya kuunganisha betri ya gari lingine, kwa kuwa kosa hilo huunguza mfumo.

Betri ikiwa nzima na stata inatoa sauti moja tu, "tak", kila unapozungusha ufunguo, kisha baada ya majaribio kadhaa inakubali, basi karibu hakika ni vipande viwili vya shaba vilivyo ndani ya solenoidi ya stata (swichi yake ya sumaku) vimelika. Stata nzima haina kosa. Vipande hivyo huuzwa peke yake, na mtu mwenye subira huvibadilisha kwa saa moja baada ya kutenga waya wa betri. Ni masikitiko kuona stata ya asili ikibadilishwa na ya bandia kwa sababu ya shaba mbili.

Kama stata inazungusha vizuri lakini injini haishiki, na hasa kama ni asubuhi ya baridi ya Kabale au Kapchorwa, sababu ya kwanza ni plagi za kupasha moto vyumba vya mwako. Injini hushika kwa kusuasua kwa silinda tatu au nne, hutetemeka, hutoa moshi mweupe unaowasha macho, kisha hutulia. Ondoa ukanda wa chuma unaoziunganisha, pima kila moja peke yake kwa mita. Iliyokufa haipitishi umeme kabisa. Usitumie ile dawa ya kupuliza ya etha kwenye njia ya hewa pamoja na plagi hizi, kwani mlipuko wake huvunja pistoni.

Sababu ya pili ni hewa kuingia kwenye mfumo wa dizeli. Bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya chujio la dizeli. Ikiwa laini na ikawa ngumu baada ya kuibonyeza mara nyingi, kisha gari likawaka na kesho tatizo likarudi, hewa inaingia mahali fulani usiku. Mara nyingi ni raba ya chujio, raba ya pampu hiyo hiyo ya mkono, au mpira wa dizeli wenye nyufa nyembamba kama nywele. Funga kwa muda kipande cha mpira angavu kati ya chujio na pampu ya dizeli uone mapovu kwa macho yako. Ya tatu ni solenoidi ya kukata dizeli: ufunguo ukiwashwa bila stata, inapaswa kusikika ikigonga kidogo kwenye pampu. Kimya maana yake ni fyuzi, waya, au solenoidi yenyewe.

Kuna dalili moja ambayo haitaki majaribio hata kidogo. Gari likizimika ghafla likiwa mwendoni, na stata sasa inazungusha injini kwa wepesi na kasi isiyo ya kawaida, acha ufunguo. Taimingi belti, mkanda unaooanisha vali na pistoni, huenda imekatika, na kila mzunguko wa ziada hugonganisha vali na pistoni. Belti hiyo hubadilishwa kila kilomita 100,000, na taa yake iko kwenye dashibodi. Lakini katika magari mengi ya zamani balbu ya taa hiyo imeungua au imezimwa na mtu asiyejulikana, kwa hiyo kama hujui ilibadilishwa lini, ibadilishe sasa pamoja na puli yake ya kukaza.

Haina nguvu na inatoa moshi

Injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda, hivyo juu ya Kabale umeshapoteza karibu moja ya tano. Kupanda mlima kwa gia ya tatu huko si ugonjwa.

Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa, na kwa barabara zetu za murram jibu la kwanza ni chujio la hewa. Lipulize kutoka ndani kwenda nje, kwa shinikizo dogo, au libadilishe. Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: ingiza kidole ndani ya bomba lililo baada ya chujio, upande unaoelekea injini, na upangushe ukuta wake. Kidole kikitoka safi, shukuru. Kikitoka na unga mwekundu, vumbi linapita pembeni ya chujio, pengine kwa sababu raba yake haikai sawa au klipu ya mfuniko imekatika, na vumbi hilo linasaga ringi za pistoni na silinda kila kilomita. Kwa gari linaloishi Karamoja, kaskazini mashariki mwa nchi, ukaguzi huu ufanyike kila unapogusa mfuniko wa injini.

Ukosefu wa nguvu usio na moshi huelekeza kwenye dizeli. Badilisha chujio, na kabla ya hapo fungua tundu la chini ulichuruzishe ndani ya chupa. Dizeli ya jerikani huwa na maji na mchanga, na maji hutulia chini ya chupa yakionekana wazi. Taa ya maji kwenye dizeli ikiwaka usiendelee na safari kabla ya kuyatoa, kwa kuwa pampu hulainishwa na dizeli yenyewe na maji huikwaruza. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, ama kupitia raba za vali zilizozeeka au ringi zilizochakaa. Pima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) kabla ya kuamini yeyote anayekuambia injini imekwisha.

Pampu ya dizeli na nozeli zinazopuliza dizeli ndani ya injini ni kazi ya karakana yenye mashine ya kupimia. Usizungushe skrubu iliyozibwa kwa lakiri ili kuongeza nguvu, maana joto la moshi hupanda na hedi hupasuka. Usipeleke kidole kwenye nozeli inayopuliza. Dizeli ya shinikizo hilo hupenya ngozi bila maumivu makubwa, na aliyepenyezwa anapaswa kwenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama kidonda ni kama nukta.

Usukani unatetemeka kwa nguvu

Gari liko kwenye mwendo wa kilomita 60 hadi 80 kwa saa, linagonga shimo, na ghafla usukani unatikisika kushoto na kulia mpaka dereva anapunguza mwendo karibu kusimama. Ekseli ya mbele ya Land Cruiser, ambayo ni ya kipande kimoja, hufanya hivi, na kosa la kawaida ni kununua shokapu ya usukani. Shokapu hiyo huficha ugonjwa kwa miezi kadhaa, nao huendelea kukua.

Tazama kwanza ndani ya ringi ya gurudumu. Udongo mweusi wa pamba ukikauka upande wa ndani wa ringi, donge la ukubwa wa ngumi linatosha kuliyumbisha gurudumu. Lioshe. Kisha upepo wa matairi, kisha mizani ya matairi, kisha mzunguko wa ringi iliyopinda.

Baada ya hapo inua gurudumu moja la mbele, lishike juu na chini, na ulitikise. Likicheza, mwombe mwenzako akanyage breki huku ukiendelea kutikisa. Mchezo ukipotea, beringi za gurudumu zimelegea. Ukibaki, ni beringi za kinpini, zile mbili ndogo zinazobeba mzunguko wa usukani. Jaribio hili dogo huokoa fedha nyingi, na halihitaji chombo chochote isipokuwa jeki na stendi. Sasa shika gurudumu kushoto na kulia: mchezo hapa huelekeza kwenye tairodi (fimbo za kugeuza magurudumu), na macho ya mtu wa pili yataona ni boli jointi gani inayosogea kabla ya nyingine.

Beringi za gurudumu mtu mwangalifu anaweza kuzifunga mwenyewe. Nati zake mbili huhitaji soketi ya milimita 54. Ukikuta kingo za nati zimeliwa na makovu ya patasi, ujue waliotangulia walizikaza kwa patasi na nyundo, bila kipimo, na huenda beringi ziliharibika kwa sababu hiyo. Safisha grisi yote ya zamani, jaza mpya kwa kuisukuma kati ya roli kwa kiganja, weka sili mpya na washa mpya ya kufungia nati, na baada ya safari ya kwanza gusa habu (kitovu cha gurudumu): joto la kawaida ni sawa, lakini habu isiyogusika imekazwa kupita kiasi.

Zilizotoka kabla ya mwaka 1999 zina springi za bapa mbele, hivyo kagua bushi za springi hizo na pingu zake. Zilizofuata zina springi za koili, na hizo zina fimbo ndefu inayoishika ekseli kwa upande. Bushi zake zikichoka, ekseli huyumba yenyewe. Beringi za kinpini hupangwa kwa vibamba vyembamba na mzani wa springi, kwa hiyo mwachie fundi anayezijua Land Cruiser. Hadi litengenezwe, gari linalotikisika namna hii lisipite kilomita 40 kwa saa wala lisibebe abiria.

Grisi nyeusi nyuma ya gurudumu la mbele, au mlio kwenye kona

Lile tufe la chuma lililo nyuma ya gurudumu linapaswa kuwa na utando mwembamba wa grisi. Likitiririka uji mweusi hadi kwenye tairi, oili ya difu (sanduku la gia lililo katikati ya ekseli) imevuka sili ya ndani ya ekseli na kuyeyusha grisi. Kabla ya kufungua chochote, kagua kipumulio cha difu, yaani njia yake ndogo ya hewa. Kikizibwa na tope, difu ikipata moto husukuma oili kupitia sili. Ubaya mkubwa zaidi hutokea kwenye mito ya msimu ya Karamoja: difu yenye moto ikizama kwenye maji baridi, hewa ndani yake husinyaa, na kama haipati njia ya kipumulio hunyonya maji kupitia sili hizo hizo. Baada ya kuvuka maji marefu, legeza bolti ya chini ya difu. Maji yakiwamo yatatangulia kutoka. Oili iliyogeuka nyeupenyeupe imwagwe siku hiyo.

Mlio wa "ka-ka-ka" unapokata kona kali ukiwa kwenye 4x4 ni jointi ya ekseli iliyolika. Ikiwa haijapasuka, kuna mbinu ya zamani na ya kweli: jointi ya kushoto huhamishiwa kulia na ya kulia kushoto, ili upande usiochakaa ubebe mzigo wa kwenda mbele. Ukienda Kisekka, soko la spea la Kampala, kutafuta jointi, beba ya zamani mkononi, hesabu meno, na ulinganishe urefu.

4x4 haishiki, au haitaki kutoka

Gari lililozama kwenye tope huku magurudumu ya mbele yametulia, mara nyingi lina habu za mbele, vile vifungio vya katikati ya gurudumu, ambazo hazijafungwa. Gia ndogo, yaani ya transfa inayogawa nguvu mbele na nyuma, ikiwa H4 (magurudumu manne) na habu zikiwa FREE, shafti huzunguka bure. Kama habu zimefungwa na bado hakuna kitu, weka gia ndogo kwenye H2 (magurudumu mawili), funga habu zote mbili, inua gurudumu moja la mbele na ulizungushe kwa mkono huku mtu akitazama propela shafti ya mbele. Isipozunguka, habu mojawapo haishiki. Kwa kawaida grisi imekauka ndani yake. Ifungue, isafishe kwa dizeli, na uipake grisi kidogo tu, maana grisi nyingi huzuia vipande vyake kuteleza. Habu ambayo haikuguswa mwaka mzima hugoma siku ya mvua, kwa hiyo zifunge na kuziendesha kilomita chache kila mwezi kwenye barabara ya udongo.

Gia inayokataa kutoka H4 baada ya kutembea kwenye lami kavu imebanwa na msokoto uliojengeka kati ya ekseli mbili. Usiivute kwa nguvu. Rudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka, au ingia kwenye udongo, na itaachia. Ikitokea mara kwa mara hata kwenye udongo, pima matairi: jozi mpya nyuma na jozi iliyochakaa mbele hutosha kuleta msokoto huo. Kelele za kusaga kutoka transfa, au gia inayoruka yenyewe kwenda N, ni za fundi, kwa kuwa gari lililo kwenye N la transfa haliwezi kuzuiwa na injini kwenye mteremko.

Breki

Hapa niseme mapema kwamba ukaguzi ni wako lakini ufunguzi, isipokuwa una uzoefu, si wako.

Pedali laini kama sponji ina hewa au maji ya breki yaliyozeeka. Yabadilishwe kila miaka miwili. Pedali inayoshuka polepole ukiikanyaga bila kuachia, huku hakuna uvujaji unaoonekana, ni masta silinda, ile pampu inayosukuma maji ya breki. Gari likivuta upande mmoja, tazama kalipa ya mbele upande wa pili, ambayo pistoni zake huenda zimeganda kwa kutu, na ufungue dramu za nyuma uondoe tope lililokauka. Pedali ikiwa ngumu kama jiwe, zima injini, ikanyage mara tano, endelea kuishika, kisha washa: ikishuka kidogo, busta inayosaidia mguu kukanyaga breki ni nzima. Isiposhuka, kagua mpira wa vakyumu na ile pampu ya vakyumu iliyo mgongoni mwa alteneta, ambayo pia huvujisha oili juu ya alteneta na kuiharibu.

Pedali iliyokuwa nzuri juu ya Kapchorwa na ikaanza kuzama katikati ya mteremko wa kwenda Mbale imepata moto kupita kiasi. Simamisha gari kwa gia ya chini na breki ya mkono, ziba magurudumu, na usubiri saa nzima bila kumwagia diski maji. Pedali ikirudi baada ya kupoa, teremka kwa gia ya pili na upime maji ya breki utakapofika. Isiporudi, gari libebwe.